Mstari wa Shangazi

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na nne, na kwenye kurasa kumi na tatu za kwanza Waya alitamba kama yuko harusini. Jina, akaandika. Urefu, akaandika. Uzito, akajiongezea kilo tatu, maana hakutaka wakubwa wadhani wanaajiri antena.

Waya si jina alilopewa na mama yake. Alibandikwa na mafundi wenzake wa ghorofa ya chini, kwenye jengo la mawasiliano, kwa sababu mbili: ni mwembamba, na ukimgusa vibaya anakupiga shoti. Miaka sita alikuwa akitengeneza laini za simu za mji mzima. Sasa alikuwa ameomba kazi ghorofa ya tatu, nyuma ya mlango wa chuma ambao mafundi wa chini waliujua kwa kitasa chake tu. Tangazo lenyewe lilikuwa na maneno matatu: Msikilizaji, nafasi moja.

Huko juu huendi kwa kupanda ngazi. Unakwenda kwa kibali, na kibali hakitoki bila upekuzi. Wanakupekua wewe, wazazi wako, wajomba na mashangazi, mpaka paka wa jirani wakimpata. Wanachokitafuta zaidi ni ndugu walio nje ya nchi, kwa sababu, kama wasemavyo wao, mwenye ndugu ng'ambo ana sikio moja huku na moja kule. Ukishindwa, benchi lako la chini hulioni tena. Unapelekwa ghala la matairi nyuma ya jengo, mahali pasipo na simu wala dirisha. Mafundi wanapaita kuzimu. Waliokwenda huko ni watatu, na hakuna aliyepandishwa tena.

"Mimi ningepita asubuhi tu," alisema Betri, fundi wa benchi la pembeni, akapiga mwayo wake maarufu. Mwayo wa Betri ulianza kama bawaba ya mlango inayolia na kumalizikia kwa kamkia, "hiii-a-ya." Ndiyo maana akaitwa Betri: muda wote chaji imemwishia. "Nimelelewa kituo cha yatima, sina ndugu hata wa kuazima. Fomu yangu ingekuwa nyeupe kama shuka la hospitali."

"Basi omba nawe."

"Nimeomba, dada'ngu. Mimi nafasi yangu ni ukianguka wewe."

"Utasubiri mpaka uoze."

"Nitalala hapa nikisubiri," akasema Betri, na kweli akalala.

Mpekuzi aliyepangiwa faili la Waya alikuwa mzee mpole, mwenye suti ya kijivu na vidole visafi kupita kiasi. Jengo zima lilimwita Bwana Kifutio. Hakukupa kalamu ya wino. Alikupa penseli iliyochongwa vizuri, akakuambia maneno yaleyale anayomwambia kila mtu.

"Anza na penseli, binti. Watu hukumbuka ndugu zao polepole."

"Mimi ndugu zangu wachache, mzee, nawakumbuka hata usingizini," Waya akajibu.

"Vizuri. Basi tutaona."

Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na mistari saba ya ndugu. Mama: marehemu. Baba: yu hai, karani mstaafu wa jengo hilihili. Ndugu wa kuzaliwa naye: hakuna. Mstari wa tano, shangazi, dada pekee wa baba: marehemu, miaka ishirini na sita iliyopita, amezikwa makaburi ya mjini, safu ya tatu. Ndugu walio nje ya nchi: hakuna. Akatia sahihi yenye mkia mrefu, akarudisha fomu akipiga mluzi.

Baada ya siku tatu akaitwa.

"Umejaza vizuri sana," Bwana Kifutio alisema, akamsogezea fomu. "Ila mstari wa tano umeuacha wazi."

Waya akatazama. Mstari wa tano ulikuwa mtupu. Karatasi ilikuwa safi, na ukiinamisha kichwa kidogo unaona mikwaruzo ya herufi zake mwenyewe, kama nyayo za mtu aliyepita kwenye vumbi.

"Mzee, hapa niliandika."

"Ndiyo."

"Sasa nani kafuta?"

"Nisichokiamini huwa nakifuta," akasema yule mzee, bila hasira, kama mtu anayekuambia kwamba chai yake huwa hatii sukari. "Jaza tena."

Akajaza tena: shangazi, marehemu. Ikarudi imefutwa. Mara ya tatu akakandamiza penseli mpaka ikakatika ncha. Ikarudi imefutwa, na safari hii Bwana Kifutio alivuta droo, akatoa kopo la bati, akapukutisha humo vumbi la kifutio lililokuwa mezani. Kopo lilikuwa limejaa karibu na mdomo. Vijipande vya kijivu, vyepesi, kama majivu.

"Ni nini hiyo, mzee?"

"Ndugu za watu," alisema, akafunga kifuniko. "Shangazi yako yumo humu mara tatu."

Waya alitaka kucheka. Kicheko kilifika kooni kikaona aibu, kikarudi.

*

Alhamisi hiyo alirudi nyumbani mapema. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao, pembeni ya simu ya mezani, chini ya ukuta wenye fremu. Ndani ya fremu kulikuwa na cheti cha utumishi uliotukuka, kilichotiwa sahihi na wakubwa watatu. Baba alikuwa karani mwenye mwandiko wa kusuka. Jengo zima walijua kwamba katika miaka thelathini na mbili hakuwahi kukata neno wala kuandika juu ya kosa. Karatasi zake zilikuwa safi kama zimezaliwa hivyo.

Saa kumi kamili simu ikalia.

Baba akainua mkono wa simu, akauweka sikioni, akanyamaza. Hakusema haloo. Alitazama sakafu, midomo imefungwa, na dakika zikapita moja baada ya nyingine. Waya alikuwa ameliona jambo hili tangu utotoni, kila Alhamisi, na kwa kulizoea alikuwa ameacha kuliona, kama vile mtu anavyoacha kuliona doa la darini. Dakika ya saba baba akaweka simu chini polepole, kama anamlaza mtoto.

"Nani huyo, Baba?"

"Wamekosea namba."

"Baba, mtu anayekosea namba kila Alhamisi saa kumi kwa miaka ishirini na kitu, huyo hajakosea. Huyo amepatia."

Mzee alicheka kidogo kwa pua, akainuka kwenda kuchota maji. Zamani jibu lile lingetosha. Leo halikutosha. Waya alikaa akiitazama ile simu. Yeye fundi wa laini za mji mzima, laini ya nyumbani kwao hakuwahi kuigusa hata kwa bisibisi. Mganga hajigangi.

Alhamisi iliyofuata alitangulia. Simu ilipolia, mkono wake ulifika kabla ya ule wa baba.

Hakukuwa na sauti ya mtu. Kulikuwa na mvua. Mvua nzito juu ya bati, mbali sana, na huku dirishani kwao jua lilikuwa kali hadi mapazia yanawaka. Ndani ya mvua ile mtu alikuwa anapumua. Pumzi za taratibu, za mtu anayesubiri bila kuchoka. Waya akataka kusema haloo, akaona baba amesimama mbele yake, kiganja kimefunika mdomo wake mwenyewe, macho yamemtoka, akitikisa kichwa: usiseme, usiseme.

Akanyamaza. Na alipokuwa amenyamaza, sikio lake la kifundi likashika kitu kingine. Fundi yeyote anajua: laini ikiongezwa sikio la tatu, sauti hushuka kidogo, kama godoro unapolilalia peke yako kisha mtu mwingine akakalia pembeni. Sauti ya laini ile haikuwa imeshuka. Lakini ilikuwa na kovu. Mahali hapo pamewahi kukaliwa sana.

Akampa baba simu, akatoka nje kupunga upepo ambao haukuwepo.

*

Ijumaa asubuhi Bwana Kifutio akamwambia wanatoka kidogo. Walikwenda kwa miguu, wawili, hadi makaburi ya mjini. Safu ya tatu kulikuwa na makaburi mawili ya familia yao: la shangazi, na pembeni yake la mama, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Kila mwaka Waya na baba yake walikuja kuyapalilia. Baba alilia kila mwaka kwenye yote mawili, na machozi yake yalikuwa ya kweli kabisa.

Yule mzee hakusoma maandishi. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya kaburi la mama.

"Hili limedidimia," akasema. "Udongo umeshuka karibu shubiri moja. Ndivyo inavyokuwa. Kilicho chini kinapungua, na udongo unakifuata."

Kisha akaweka kiganja juu ya kaburi la shangazi. Tuta lilikuwa limeinuka, la mviringo, kama limefanywa jana.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Haliko chini hata ukucha. Huyu shangazi yako, binti, ni mgumu."

Waya akalitazama tuta. Alikuwa amepalilia tuta lile tangu akiwa hawezi hata kushika jembe vizuri, na kila mwaka alikuwa akimsalimia aliyelala humo. Sasa akahisi kama mtu aliyekuwa akizungumza na kiti kitupu mbele za watu.

"Jumatatu utajaza kwa wino," Bwana Kifutio akasema, akipangusa vidole kwa kitambaa. "Penseli naifuta mimi. Wino unapanda juu kama ulivyo."

*

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Waya alifika nyumbani, hata viatu hakuvua.

"Baba. Kwenye lile kaburi kuna nani?"

Mzee alikuwa anachonga penseli, desturi ya ukarani iliyogoma kustaafu. Kisu kikasimama.

"Umekwenda na nani huko?"

"Bwana Kifutio. Kalipapasa kama tikiti maji, akagundua halijaiva. Kuna nani, Baba?"

"Hakuna mtu."

"Na anayepiga simu?"

Mzee aliweka kisu chini, akakilinganisha sawasawa na ukingo wa meza.

"Shangazi yako."

Akasimulia akitazama ile penseli. Dada yake aliolewa nje, mbali, na mtu mwema. Harusi ilipita kwa amani. Mwaka ule ule yeye mwenyewe akaandikiwa upekuzi, apandishwe ukarani mkuu. Siku hizo hakukuwa na penseli; ulipewa wino, ukajaza mbele ya mpekuzi. Safu ya walio nje ilikuwa juu, safu ya marehemu ilikuwa chini yake. Akaandika jina la dada yake kwa mwandiko wake wa kusuka, akainua kalamu, akaona: ameshuka mstari mmoja.

"Kalamu iliteleza, mwanangu. Mstari mmoja tu."

"Si ungekata uandike upya?"

"Mimi? Nikate?" Kwa mara ya kwanza mzee akamkazia macho, na ndani yake kulikuwa na mshangao wa kweli. "Sikuwahi kukata neno maishani. Na enzi hizo fomu ikiwa na neno lililokatwa, faili linarudi mwanzo, wanakuuliza ulitaka kuficha nini. Nikasema nitarekebisha kesho. Siku ya tano kibali kikatoka. Wiki hiyohiyo mwenzangu wa meza ya pili, ambaye alikuwa na kaka nje na akamwandika panapostahili, akapelekwa kwenye matairi. Ningerekebishaje tena?"

"Halafu wakauliza alikufa lini."

"Wakauliza alikufa lini. Nikataja tarehe. Wakauliza kazikwa wapi. Nikamwomba mchimba kaburi rafiki yangu, tukainua tuta asubuhi moja, mimi na yeye na mama yako. Wewe ulikuwa na miaka minne, ulikuwa unatupa kokoto. Majirani wakaja kutoa pole. Mwanangu, ukipewa pole na watu hamsini, unaanza kufiwa."

Dada yake alipopiga simu, alimweleza mara moja tu, kwa haraka: wewe huku umekufa, na simu hizi zina masikio. Usiseme kitu tena. Lakini piga. Piga ili nijue upo. Naye akapiga, kila Alhamisi. Dakika saba za pumzi kule, dakika saba za pumzi huku.

"Baba," Waya akauliza taratibu, "kalamu iliteleza, au uliitelezesha?"

Mzee akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba mtu angedhani ni Alhamisi.

"Nimejiuliza miaka ishirini na sita," akasema. "Nikijua nitakuambia." Kisha akashusha sauti. "Kuna kitu kingine. Miezi hii minne pumzi imebadilika."

"Imebadilikaje?"

"Siyo yake. Dada yangu ana pumu, pumzi yake ina kafilimbi mwishoni. Kafilimbi kameondoka. Nasikiliza mtu, lakini simjui. Na siwezi kuuliza. Nitamuulizaje marehemu kama ni mzima?"

Chumba kilikuwa cheupe kwa jua.

"Sasa mimi Jumatatu niandike nini?"

"Kalamu ni yako," akasema baba. Akachukua kisu, akaendelea kuchonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha.

*

Jumatatu Bwana Kifutio alikuwa ameandaa meza. Fomu mpya, kalamu ya wino, na lile kopo la bati limewekwa pembeni kama mgeni.

"Kabla hujaandika," akasema, "una haki ya kuijua kazi uliyoomba. Huko juu kuna kanda. Mojawapo ni ya laini ya nyumbani kwenu."

Waya akaweka kalamu chini.

"Miaka ishirini na sita ya ukimya wa baba yako. Kulikuwa na mtu aliyeusikiliza wote, kila Alhamisi, na akaandika ripoti. 'Hakuna kilichosemwa. Mvua.' 'Hakuna kilichosemwa. Kikohozi.' Mtu huyo alistaafu miezi michache iliyopita. Kiti chake ndicho kilichotangazwa."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema kwamba kuna mtu anauandika huo mshindo faili kwa faili.

"Kumbe mlijua," Waya akasema. "Tangu mwanzo mnajua yu hai. Mbona hamkumshika baba?"

"Kwa kosa gani? Kunyamaza si kosa. Tena alikuwa karani mzuri mno." Mzee akaunganisha vidole vyake visafi. "Nikuambie wazi, binti, maana umenichekesha mara mbili na si kawaida yangu. Ukiandika kwamba yu hai, una ndugu nje, na kiti hicho hukikalii. Huo ndio utaratibu, na hakuna wa kumlaumu. Ukiandika marehemu, utakikalia."

"Hata mkijua nimedanganya?"

"Kwa sababu tunajua. Baba yako alimzika mtu kwa kuteleza. Wewe utakuwa umemzika ukiwa umeamka. Mtu wa namna hiyo anaweza kusikiliza chochote bila kusema haloo. Watu hao huku juu wanatafutwa sana."

Alilisema hilo kwa upole uleule. Nje ya dirisha watu walikuwa wanavuka barabara na mikoba yao, mmoja anaikimbiza kofia iliyopeperuka. Waya alijiona ghorofa ya tatu, kwenye kiti cha kuzunguka, Alhamisi saa kumi, vipokea sauti masikioni. Baba yake anapumua upande mmoja. Kitu fulani kinapumua upande wa pili. Naye katikati anaandika: hakuna kilichosemwa.

Akachukua kalamu. Mstari wa tano: Shangazi. Yu hai. Nje ya nchi. Akasoma alichoandika, na kwa kuwa ulimi wake haukuzoea kukaa bure, akasema:

"Mzee, kwenye kopo lako humo umebaki na nakala tatu. Shangazi mwenyewe nimemtoa."

Bwana Kifutio alisoma mstari ule. Akaupuliza wino ukauke. Hakukunja uso wala hakutabasamu.

"Barua itakuja Jumatano," akasema.

Ilikuja Jumatano, mistari miwili. Alhamisi asubuhi Waya aliripoti ghala la matairi, akapewa koti la buluu lililobana mabega, akaanza kupanga matairi kwa ukubwa. Mchana vijana wawili wa jengo walikwenda nyumbani kwao wakiwa na bisibisi. Waliomba radhi kwa mzee, wakavua viatu kwa adabu, wakateremsha cheti cha utumishi uliotukuka. Pale kilipokuwa pakabaki mraba mweupe, msafi kuliko ukuta wote.

Waya aliporudi alimkuta baba ameketi chini ya mraba ule. Alimtazama usoni akitafuta hasira, akakosa. Mzee alionekana mwepesi na mwenye baridi, kama mtu aliyenyolewa nywele zote.

"Umemwandika vizuri?" akauliza.

"Kwa wino. Mwandiko wa kuku, lakini hai."

"Mwandiko utaurekebisha," akasema baba, na macho yake yakawa na maji.

Saa kumi simu ikalia.

Mzee akainua, akaweka sikioni. Hakukuwa tena na kitu cha kuficha, wala cheti cha kupoteza. Mdomo ukafunguka. Hakikutoka kitu. Miaka ishirini na sita ilikuwa imemfunga ulimi kama kamba iliyoloa. Akamnyooshea mwanawe simu kwa mikono miwili.

Mvua ilikuwa bado inanyesha kule. Pumzi zilikuwepo, taratibu, bila kafilimbi.

"Shangazi," Waya akasema kwa sauti. "Ni mimi, binti wa kaka yako. Tumekuandika upya. Sema, hakuna shida tena."

Upande wa pili mtu alipiga yowe. Kitu kikaanguka, kikabiringika. Mvua ikasikika peke yake, kisha sauti ikarudi, ya mwanamke kijana, yenye lafudhi ngeni, inatetemeka.

"Nani anaongea? Nani anaongea huko?"

"Mimi ni mtoto wa kaka yake. Wewe nani?"

"Mama aliniambia hamsemi!" Sauti ililia. "Alisema huko mwisho wa simu yuko mjomba, ni marehemu, na marehemu hawasemi. Alisema nipige tu, Alhamisi, nishike simu dakika saba, asikie nyumba yetu. Aliniusia nisiache."

Waya akashika ukingo wa meza. Alisikia maji ya mvua ya watu wengine yakishuka kwenye bomba la nyumba asiyoijua.

"Mama yako yuko wapi?"

"Tulimzika kabla mvua hazijaanza. Miezi minne sasa."

Hakuhitaji kumgeukia baba. Mzee alikuwa ameshasoma mgongo wake, kama alivyozoea kusoma kimya.

"Lisemwalo lipo," akasema mzee polepole. "Na kama halipo..." Hakumalizia. Alisimama, akaushika mkono wa simu juu ya mkono wa binti yake, wakawa wameushika wote wawili, sikio kwa sikio. Ndipo ikatoka sauti iliyokwaruza kama mlango wa stoo:

"Mwanangu. Mvua hiyo huko imeanza saa ngapi?"

Yule binti akavuta kamasi.

"Tangu asubuhi, mjomba," akasema. "Tangu asubuhi haijakatika."

"Na bati linavuja?"

"Linavuja kidogo, jikoni. Mama alikuwa anaweka ndoo."

"Ndiyo," akasema mzee, machozi yanampita kidevuni. "Hiyo ndoo nimeisikia miaka mingi. Nilikuwa sijui ni nini."

Na hapo, wakati baba yake anauliza habari za ndoo, sauti ya laini ikashuka. Kidogo tu, kama mtu amekalia pembeni ya godoro. Waya akaganda. Akasikiliza kifundi, chini ya mvua, chini ya kilio, mpaka chini kabisa. Kilikuwa kimya cha mtu aliyeshikilia pumzi. Lakini hakuna awezaye kushikilia kila kitu. Kutoka ghorofa ya tatu, nyuma ya mlango wa chuma, kikaja kitu kama bawaba inayolia, kikamalizikia kwa kamkia.

*Hiii-a-ya.*

Waya akasogeza mdomo karibu na simu.

"Betri," akasema taratibu, "andika vizuri usije ukashuka mstari. Binamu. Yu hai."